Usukani Mwepesi Kwenye Kona ya Gisuma

Marselino alikuwa dereva ambaye hakuwahi kugonga hata mbuzi, na katika barabara za Kasulu na Kibondo, ambako mbuzi hulala katikati ya njia wala honi haiwasumbui, hilo si jambo dogo. Sehemu kubwa ya maisha yake aliendesha Hailaksi za shirika moja lililopeleka dawa na maharage kwenye kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Alikuwa na mikono. Gari likianza kutikisa mkia kwenye tope, alikuwa ameshaurudisha usukani kabla abiria hajashika mlango, kisha anaongeza mafuta kidogo, gari linanyooka, na yeye anaendelea na maneno aliyokuwa akiyasema. Aliyepanda naye mara moja alimwulizia safari ya pili.

Kambi ilipofungwa, safari zake za mwisho zilikuwa za kubeba mabati na milango. Warundi walikuwa wameshahamishwa, wengine wamerudi kwao. Hakupenda kuzungumzia safari zile. Siku moja tu alimwambia mkewe, Josepha, kwamba kambi isiyo na watu si sawa na pori.

"Mafiga yapo, njia za miguu zipo, kamba za kuanikia nguo zipo," alisema. "Ila hakuna anayekohoa. Mama Elieth, unaweza kukaa ukisubiri mtu akohoe mpaka ukaogopa."

Kazi ya shirika ikaisha. Akanunua Spacio nyeupe iliyokwishatumika, akaanza kubeba watumishi kati ya Kasulu na Kibondo: walimu, wauguzi, mabwana shamba, watu walioletwa na serikali kutoka mikoa mingine na ambao kila mwisho wa wiki wana mahali pa kwenda. Lilikuwa gari dogo, jepesi, lisilokula mafuta. Injini yake inazungusha tairi za mbele, si za nyuma kama Hailaksi. Marselino alilijua hilo kwa namna mtu anavyoijua tarehe yake ya kuzaliwa. Mikono yake ilikuwa haijalijua bado.

Ukitoka Kibondo kurudi Kasulu, ukishaiacha njia panda ya Murungu, barabara inateremka kwa muda mrefu kando ya kilima, halafu inapinda kushoto. Madereva wanapaita Gisuma. Kushoto kuna kilima chenye mikaratusi. Kulia, nje ya kona, kuna shamba la viazi vitamu na nyumba moja ya tofali za kuchoma. Lami ni nzuri na kona yenyewe haitishi. Kiangazi watoto huiteremka kwa baiskeli wamenyoosha miguu. Lakini kwa misimu ya mvua ya karibuni magari yalikuwa yakitoka barabarani pale pale, upande ule ule, yakielekea kwenye shamba lile. William, dereva mwenzao, alifia hapo; gari lake lilivuka shamba zima likaenda kugonga mti upande wa pili.

Waliopona walisimulia jambo moja. Hawakusema kwamba waliteleza. Walisema kulikuwa kimya. "Kona ilininyamazia," alisema mmoja wao, na neno hilo likashika.

Watu wakakumbuka pia kwamba magari yalianza kuanguka baada ya mwenye nyumba ile, mzee Reverien, kuzikwa. Mjane wake, Niyomwungere, alibaki peke yake. Aliingia nchini akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia hapa, akaolewa hapa, akazeeka hapa, na bado waliokuwa na hasira walimwita Mrundi.

Siku ya Marselino ilifika alasiri moja, mvua kubwa imeshapita yamebaki manyunyu. Abiria alikuwa mmoja tu, Mwalimu Recho, mwenyeji wa Mbeya, aliyekaa kiti cha mbele akimsimulia habari za mwanafunzi aliyekuja darasani na kuku chini ya sweta. Waliingia konani kwa mwendo ambao Marselino aliingia nao siku zote. Alikata usukani kushoto. Alisikia maji yakivuma chini ya sakafu, sauti ya kawaida ya lami iliyoloa. Kisha sauti ile ikakoma.

Usukani, ambao punde tu ulikuwa na uzito wa barabara, ukawa mwepesi. Mwepesi kabisa, kana kwamba umekatwa kutoka kwenye gari na kuachwa mikononi mwake. Akaukata zaidi. Tairi ziligeuka; gari halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja, taratibu, kwa adabu, kana kwamba mbele kulikuwa na barabara nyingine ambayo yeye haioni na lenyewe linaiona. Mguu wake ukafanya ulichozoea. Ukaongeza mafuta. Injini ikapiga ukelele, na gari likazidi kunyooka.

Mwalimu Recho alikuwa ameacha kusimulia.

"Unakwenda wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo, kama mtu anayemwuliza dereva mbona umenipitisha nyumbani.

Walivuka upande wa pili wa barabara. Bahati yao hakukuwa na gari lililokuwa likipanda. Wakashuka ukingoni, wakalima matuta ya viazi, wakasimama. Mbele ya boneti, barazani, mwanamke mzee alikuwa ameketi kwenye mkeka. Hakushtuka wala hakuinuka. Kando yake kulikuwa na birika linalofuka na vikombe viwili.

"Karibuni," alisema. "Mmechelewa kidogo. Chai inapoa."

Marselino alitazama vikombe, akamtazama Mwalimu Recho, akavitazama tena.

"Shikamoo, Bibi. Ulijuaje kwamba tunakuja?"

"Marahaba, mwanangu. Mvua ikinyesha hivi, barabara huanza kunyamaza. Ikinyamaza, nateleka chai."

Alisema hivyo kwa upole, kwa lafudhi yake ya Kirundi, na hakueleza zaidi. Walikunywa kwa sababu walishindwa kukataa. Vijana wa jirani wakaja kulisukuma gari, na kutoka pale mpaka Kasulu Mwalimu Recho hakumalizia kisa cha kuku.

Kesho yake Marselino alilipeleka gari kwa fundi Abdulrahmani, mwenye gereji nyuma ya soko la Kasulu. Babu yake Abdulrahmani alitoka Pangani akafanya biashara Ujiji, na mjukuu alibaki na Kiswahili cha pwani kilichowafanya wateja wamsikilize hata alipokuwa akitaja nati. Alilala chini ya gari kwa muda mrefu. Akatoka, akajifuta mikono.

"Usukani mzima. Breki nzima. Tairi za mbele zimeisha kashata, meno yake yote yamelika, hizi ni vipara. Liliponyamaza, wewe ulifanya nini?"

"Nilikata zaidi. Nikaongeza mafuta."

"Ulikuwa unaendesha Hailaksi, kaka." Fundi alichuchumaa, akaweka kiganja juu ya tairi. "Kule, nyuma ndiko kunakosukuma, mbele kazi yake ni kugeuza tu. Hii tairi ya mbele ya kwako ina kazi mbili: inavuta gari, na inaligeuza. Na nguvu yake ya kushika barabara ni hiyo hiyo moja. Ukiitaka ivute sana, ya kugeuzia inabaki kidogo. Barabara ikiloa, hata hicho kidogo kinapungua. Ukikata usukani zaidi, unamtwisha mzigo mtu aliyekwishaanguka. Ukiongeza mafuta, umemmaliza."

"Sasa nifanye nini?"

"Mwendo upunguze kabla ya kona, siyo ndani ya kona. Ikikukataa mbele, achia mafuta taratibu, na usukani urudishe kidogo, tairi zipate kushika tena. Najua moyo hautaki kurudisha usukani wakati unaliona shamba linakuja. Lakini ndiyo dawa."

"Na kile kimya?"

Abdulrahmani hakucheka. "Tairi ikipanda juu ya maji haigusi tena barabara. Isipoigusa, huisikii. Hicho ndicho kimya chako." Akapitisha kidole gumba juu ya kipara cha tairi. "Ila kwa mwendo ulioutaja, kaka, na mvua ilikuwa imeshakatika... haikupaswa kupanda. Hapo pana kitu kingine. Sijui ni nini."

Marselino alipata tairi mpya mbili. Fundi alimshauri zifungwe nyuma, zile za nyuma zilizokuwa na kashata kidogo zihamie mbele. Marselino hakutaka kusikia. Mbele ndiko kulikomkosea, na mbele ndiko zitakakofungwa. "Za nyuma zinafuata tu," alisema.

Kule stendi alikuwa ameshasimulia habari ya birika na vikombe viwili. Hakuisimulia kwa ubaya. Alikuwa ametikisika, na mtu aliyetikisika husema. Lakini kisa hakikukaa kilivyo. Baada ya siku chache alikisikia kikirudi kwake kutoka kwa mtu asiyemjua, na ndani yake kikongwe wa Gisuma alikuwa akiita magari kwa majina ya madereva, na chai yake ilikuwa ya rangi ambayo haisemeki.

Mara ya pili alikuwa peke yake. Mvua ilikuwa ikinyesha wazi, na wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye vichwa vya mikaratusi. Aliingia konani kwa mwendo mdogo kuliko ule wa kwanza. Akakata kushoto, na tairi mpya zikashika. Alilisikia gari likitii, na moyo wake ukainuka kwa furaha. Alikuwa katikati ya kona kabisa kimya kilipokuja tena. Safari hii kilitoka nyuma yake, kwenye kiti cha abiria, kana kwamba mtu aliyekuwa akivuta pumzi huko ameacha.

Achia mafuta, alikumbuka. Lile neno "taratibu" halikumjia. Aliuondoa mguu wote kwa mara moja. Uzito wa gari ukaangukia mbele, nyuma kukawa kwepesi, na tairi kuukuu za nyuma zikaachia lami. Mkia ukamzunguka. Aliona kilima mahali palipokuwa na barabara. Akaiona barabara aliyoipitia. Akaiona miti. Vyote vilipita mbele ya kioo bila sauti yoyote, polepole, na gari likaingia shambani kinyumenyume, likatulia.

Waipa zilikuwa zikiendelea kufuta. Mbele yake ulikuwa ule mteremko alioushuka, mtupu, unang'aa. Akainua macho kwenye kioo cha ndani. Nyuma yake, karibu sana, ilikuwa baraza. Niyomwungere alikuwa ameketi kwenye mkeka, na birika, na vikombe viwili. Aliinua mkono kumsalimu.

Marselino hakushuka, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima tangu azaliwe. Tairi za mbele zilikuwa zimebaki karibu na ukingo, penye changarawe. Zikamvuta mpaka barabarani, na akaondoka bila kutazama nyuma. Alipofika nyumbani aliegesha gari chini ya mparachichi akaning'iniza ufunguo ukutani.

Hakuugusa tena kwa wiki nyingi. Watumishi walimpigia simu, akasema gari linaumwa. Alikuwa akikaa uani, mkono mmoja umepinda kifuani kana kwamba umeshika kitu cha duara. Mara nyingine alikatisha tonge njiani.

"Baba Elieth, unasikiliza nini?" Josepha alimwuliza siku moja.

"Sisikilizi kitu."

"Ndicho ninachokuuliza. Hicho usichokisikiliza ni nini?"

Akamwambia, kwa mara ya kwanza, yote: kwamba mara ya kwanza kona ilimkatalia mbele, akarekebisha mbele, nayo ikamshika mkia. Kwamba hapo si mahali, ni mtu. Kwamba kile kimya alikijua tangu zamani, alikisikia Mtendeli siku zile za milango na mabati, na sasa kimemfuata.

Josepha alikuwa akichambua maharage. Hakuacha.

"Wewe kona ile unaijua kwa tairi," alisema. "Nenda ukaijue kwa miguu. Nenda mchana, na umsalimie yule mama uliyemkimbia."

Alikwenda kwa bodaboda asubuhi moja, mvua ya alfajiri imeshakatika na jua limetoka. Alishukia juu ya mteremko, akaanza kutembea. Lami ilikuwa imekauka mpaka rangi ya majivu. Alipofika konani akasimama. Pale, na pale tu, barabara ilikuwa imeloa. Ukanda mpana wa unyevu uliikata kutoka kilimani kwenda shambani, ukimetameta juani.

Akavua viatu. Maji yalikuwa baridi sana, hayakuwa maji ya mvua. Chini yake, juu ya lami, kulikuwa na utando wa udongo mwekundu, mwembamba kiasi kwamba jicho lilidhani ni rangi ya barabara. Aliusugua kwa kidole gumba cha mguu. Ulikuwa laini kuliko mafuta. Akajaribu kutembea kwa kupinda, kama gari linavyopinda, na mguu wake wa mbele ukaondoka kwa upole kabisa, moja kwa moja, ukielekea nyumba ya tofali. Hapakuwa na sauti. Alibaki amesimama kwa mguu mmoja, jua likiwaka.

"Umekuja kwa miguu," Niyomwungere alisema. Alikuwa ukingoni mwa shamba, na jembe. "Ni vizuri. Wengine wote huja wamekaa."

Marselino alimwamkia vizuri safari hii, akaomba radhi kwa kutoshuka siku ile, kisha akamwuliza juu ya maji. Mama akamwonyesha kwa jembe. Juu kilimani, kati ya mikaratusi, kulikuwa na chemchemi. Kabla lami haijaja, Reverien alichimba mtaro wa kuyapeleka maji kando, mpaka kwenye bonde. Kila mwaka kabla ya mvua za vuli aliuzibua, majani yote na udongo wote, kutoka juu mpaka chini. Aliposhindwa kuinuka kitandani, mtaro ukajaa, na maji yakaanza kutafuta njia yao.

"Mbona hukumwambia mtu, Mama?"

"Nimwambie nani? Wanaoanguka huja wanatetemeka, hunywa chai, hukimbia. Kisha wanasema mimi ndiye niliyewaita." Akatazama lami. "Reverien alikuwa akisema, nikifa mimi barabara itanyamaza. Nilidhani ni maneno ya homa."

Marselino alirudi Kasulu akiwa na nia ya kuwaeleza wenzake. Alikuta stendi imechemka. Gari jingine lilikuwa limeanguka siku iliyotangulia, na madereva walikuwa wameshakubaliana kwenda Gisuma. Aliyewaongoza alikuwa Felician, mtu wa miraba minne, mwenye sauti nzito, aliyekuwa amemwoa dada yake William.

"Wewe ndiye tunayekutaka," Felician alimwambia. "Umekunywa chai yake. Utasema mbele yake ulichokiona. Leo anafunga vyombo vyake anaondoka."

Waliondoka na magari mawili. Njiani Marselino alijaribu kueleza juu ya maji, lakini hakuna aliyekuwa na nafasi ya kusikia. Wanaume walipojaa kwenye baraza ile, Niyomwungere alikuwa ameketi mahali pake, na birika lake, na vikombe vyake viwili.

"Mama, tumekuja kwa heshima," alisema Felician, ingawa sauti yake haikuwa na heshima. "Shemeji yangu amelala kaburini. Vile vikombe ni vya nani? Unajuaje idadi ya watu kabla hawajaanguka?"

Mama alivitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini ana mikono miwili.

"Kimoja changu," alisema. "Kimoja cha mume wangu. Wageni wakija, sisi tunasubiri."

Kijibaridi kilipita barazani, na mmoja wa madereva akarudi nyuma hatua moja akakanyaga mguu wa mwenzake. Felician akamgeukia Marselino.

"Sema sasa."

Ilikuwa rahisi kusema kile walichokitaka. Kilikuwa kimeshasemwa, na kilitoka kinywani mwake. Marselino alilitazama lile jembe lililoegemezwa ukutani.

"Vueni viatu," alisema.

"Nini?"

"Vueni viatu mje barabarani. Hayo ndiyo nitakayoyasema."

Labda walimfuata kwa sababu walimjua kuwa ni dereva asiyewahi kugonga hata mbuzi. Wawili walibaki juu na chini ya kona kuzuia magari. Wengine wakapita juu ya ule ukanda wa maji kwa miguu mitupu, wanaume wazima wamekunja suruali. Felician alipojaribu kupinda, mguu ulimtoka akapiga goti. Hakuinuka mara moja. Alikaa amepiga goti, kiganja kimelala juu ya lami, akiusugua utando ule kati ya vidole.

"William alikanyaga hapa?"

"Tairi zake zilikanyaga hapa. Zilikuwa zinavuta na zinageuza, na hapakuwa na kitu cha kushika."

"Alikuwa dereva mzuri."

"Alikuwa dereva mzuri," Marselino alikubali. "Sote tulikuwa."

Majembe yakaazimwa kwa majirani. Walianza chini, kwenye bonde, wakapanda wakiufuata mtaro wa zamani, ambao ulikuwa umejaa udongo na majani hata ukalingana na ardhi. Kazi ilikuwa ngumu na watu walifanya mzaha, kama wafanyavyo wanaume wanaotaka kusahau walichokuja kukifanya. Niyomwungere alipanda nyuma yao akijishikiza kwenye miti.

Mzaha uliisha walipokaribia chemchemi. Kuanzia pale kwenda juu, mtaro ulikuwa umeshazibuliwa. Kingo zilikuwa zimekatwa wima, kwa jembe kali, na udongo uliotolewa ulikuwa bado umelowa. Hapakuwa na nyayo za viatu. Aliyekuwa akilima alianzia juu kabisa, penye maji, na alikuwa akishuka. Alikuwa akija upande wao.

"Nani analima huku?" Felician aliuliza kwa sauti ya chini.

Majirani walitikisa vichwa. Macho yote yakamwendea mama, mikono yake iliyokonda, magoti yaliyokuwa yakitetemeka kwa kupanda.

"Mimi kilima hiki sijakipanda tangu mazishi," alisema. Aliinama, akautazama udongo. Wote uliolimwa ulikuwa umetupwa upande mmoja. "Umetupwa kushoto," alisema polepole. "Hivi ndivyo alivyokuwa akitupa. Alitumia mkono wa kushoto."

Upepo ulikuwa umekoma kwenye mikaratusi. Marselino alijua kimya kile. Alisubiri woga umjie, na ulikuja, lakini safari hii miguu yake ilikuwa imekanyaga chini. Akainua jembe, akakata kile kipande kilichobaki kati ya mtaro wao na ule mwingine. Maji yakapita. Yalishuka kwa kelele kando ya kilima, yakaelekea bondeni, na wanaume wakasimama wakiyasikiliza kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Felician ndiye aliyembeba mama mgongoni kumteremsha. Habari ya kufunga vyombo haikutajwa tena.

Siku hizi kila inapokaribia vuli, madereva wa stendi huenda Gisuma kuzibua mtaro. Kona bado inataka heshima mvua ikinyesha, kama kona zote, na mara chache mgeni mwenye haraka hulima viazi vya mama. Lakini hakuna aliyefia hapo tangu siku ile. Marselino alifunga tairi nzuri zote nne, akaanza kujifunza upya kuendesha gari, akiwa na nywele za mvi, akiwasikiliza abiria kwa sikio moja na barabara kwa sikio jingine. Mwalimu Recho amerudi kuwa abiria wake. Wale waliolima siku ile hawapendi kuulizwa walichokikuta karibu na chemchemi.

Masika iliyopita, miguu ya Niyomwungere ilipomzidia, bintiye anayeishi Kasulu aliamua kumchukua akae naye mpaka mvua ziishe. Mama alikuwa amelazwa Kibondo siku chache, na Marselino ndiye aliyekwenda kumtoa hospitali. Alimkalisha nyuma ya kiti cha dereva, dirishani, na blanketi magotini. Walipoipita njia panda ya Murungu, mvua ilianza kupiga kioo.

Marselino alipunguza mwendo mapema, gari likiwa bado limenyooka. Akaingia konani mguu umetulia juu ya mafuta, hauongezi wala hauachii. Maji yalivuma chini ya sakafu. Usukani ulikuwa na uzito wake.

Nje, upande wa kulia, ile nyumba ilikuwa imefungwa mlango na komeo. Kwenye kioo cha ndani alimwona mama akisogeza uso dirishani.

"Mwiriwe," alisema Niyomwungere kwa Kirundi, akisalimu baraza.

Kisha akanyamaza, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayejibiwa, na akacheka kwa sauti ndogo ya msichana.

Marselino alitamani sana kutazama. Macho yake aliyaweka mwisho wa kona, pale alipotaka gari liende, na gari likaenda pale.